Kimya cha Mama Salimu

Elisante alizikwa Kilimatinde siku ya Alhamisi, na mimi ninayeishi kwa kuongea ndiye niliyekosa la kusema. Mkewe aliniita mbele ya watu akanikabidhi kipaza sauti. "Dada Rukia, wewe ndiye uliyeanza naye kazi. Waambie alikuwa mtu wa namna gani." Nikasimama pale, upepo wa kule juu ukivuma ndani ya kipaza sauti na turubai likipigapiga, nikafungua mdomo, nikaufunga. Mchungaji alidhani nalia, akanishika bega na kunirudisha kwenye mkeka, na mama mmoja akanisogezea sahani ya wali na maharage na kuniambia nile kwanza. Sikuwa nalia. Kilio kilikuja baadaye, nilipokwisha kufika nyumbani Singida na kufungua mlango wa stoo. Pale mbele ya watu nilikuwa nimeshikwa na jambo moja tu: kwamba kuna neno Elisante alikuwa ananidai kwa miaka mingi, neno moja jepesi ambalo mtoto wa chekechea analijua, na sikuwahi kumpa.

Siku hizi naalikwa huku na huko kuwafundisha vijana kutengeneza podikasti. Wanakuja na simu zao na madaftari, na swali lao halibadiliki: unafanyaje ili msikilizaji aguswe? Nawaambia ya kuwaambia. Nawaambia wachague mtu mmoja wa kuzungumza naye, wasiongee kana kwamba wanahutubia uwanja mzima. Nawaambia wasiweke muziki wa huzuni mahali ambapo huzuni ipo tayari, kwani huko ni kumtilia mtu sukari kwenye asali. Wanaandika. Wakiuliza mbona kila kipindi changu kina tundu mwanzoni, mahali ambapo nasalimia halafu hakuna kinachosikika, nacheka na kusema ni mtindo wangu. Kompyuta ya sasa nayo haikipendi kitundu hicho. Kila nikimaliza kurekodi inaniuliza kama iondoe sehemu zenye kimya, na kila mara najibu hapana, kwa hasira kidogo, utadhani nabishana na mtu. Kwa kweli nabishana na mtu. Nabishana na Rukia wa mwaka ule.

Mwaka ule neno podikasti sikuwa nimelisikia, na nadhani hapa Singida hakuna aliyelisikia. Ulikuwa wakati wa simu za Kichina zenye laini mbili na spika za kumwamsha jirani, na mtu akitaka nyimbo alipeleka memori kadi yake stendi akawekewa. Elisante alikuwa na meza na kompyuta pale stendi, kazi yake hiyo. Alikuwa Mnyiramba mrefu, mpole, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kuinama milangoni. Siku moja dereva wa lori alimletea simu akamwomba asimwekee wimbo wowote, amsaidie tu kunakili sauti ya watoto wake wakigombania kijiko, ili asiipoteze simu ikiharibika. Elisante akaja kunisimulia jioni ile ile. "Rukia, kajaza kadi nzima kelele za kijiko. Anasikiliza kutoka hapa mpaka Mwanza." Macho yalikuwa yanamng'aa. Tangu hapo hatukulala kwa mawazo, na ndani ya wiki tatu tulikuwa na kipindi. Tulikiita Nyumbani Wanasemaje.

Chumba chetu kilikuwa stoo ya alizeti ya mama mdogo, kule Mandewa. Tulipanga magunia kuzunguka kuta tatu mpaka karibu na bati, na katikati tukabakiza nafasi ya vigoda viwili, meza, na kompyuta iliyotoka stendi. Hakuna studio niliyoingia tangu wakati huo yenye sauti nzuri kama ile. Alizeti inanyonya mwangwi wote, na mtu akiongea mle ndani sauti yake inakuwa karibu, ya chini, kama anakunong'oneza habari ya ndugu yenu. Nje ya ukuta wa nne wanawake walipepeta na kushona magunia, wakisema watu, na mara kwa mara nililazimika kutoka nje kuwaomba wapunguze. "Haya wenye redio yao wamekuja," mmoja wao angesema, "hebu nyamazeni, serikali inataka kuongea." Tukisimamisha kazi mchana mama mdogo alituletea ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine mguu wa kuku wa kugombania, na tulikula tukiwa tumekaa juu ya magunia, tukiwasikiliza wale wanawake bila wao kujua. Huko ndiko nilikojifunza mazungumzo. Mpaka leo harufu ya mashudu ikinipata mahali, hata sokoni, nasimama.

Kila asubuhi Elisante alipoingia aliinama mlangoni na kusema, "Shikamoo, bosi." Nilimzidi miezi mitatu. Alikuwa ameligundua hilo siku za mwanzo na hakuliacha kamwe. Nami nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, ndugu wanalizungumzia hilo kila sikukuu, na sikutaka kuzeeshwa na mtu mwenye miguu mirefu. Nilimrushia punje za alizeti. "Nani mzee? Toka hapa!" Alisubiri pale mlangoni, kainamisha kichwa, ananitazama kwa chini, anangoja niitikie. Sikuitikia. Ndipo aliingia, akavuta kigoda, akaanza kazi. Kesho yake tena.

Kazi ilikwenda hivi. Siku za mnada watu wa vijijini walikuja mjini, na wenye ndugu waliokwenda mbali, machimboni au Dar es Salaam au huko wasikojulikana, walifika stoo kuzungumza. Elisante alisimama nyuma yangu, akainua mkono juu kumwonyesha mtu kwamba mashine imeanza kula sauti, na hakuushusha mpaka mtu amalize. Hayo yalikuwa maagizo yetu yote: mkono ukiwa juu, ongea. Baadaye mimi nilikaa kwenye kompyuta na kukata. Tukishapanga sauti kumi au kumi na mbili pamoja na milio tuliyoiokota, majogoo, kinu, mbuzi wanaorudi zizini, Elisante aliingiza kipindi kwenye kadi za madereva, nao wakakipeleka kila lori linapokwenda. Walionakili kutoka kwao hatukuwajua.

Kukata ndiyo ilikuwa raha yangu, na niseme ukweli, ndiyo ilikuwa jeuri yangu. Nilikuwa nimekwenda kwa mama lishe wa stendi, nikajikalisha nyuma ya madereva waliokuwa wanasikiliza kipindi kwenye simu huku wanakula, na nikaona kitu ambacho sijakisahau. Mama mmoja kwenye kadi alipomwambia mwanawe kwamba bado anamwekea sahani, dereva niliyekuwa namtazama, mtu mwenye shingo ya fahali, alisimamisha tonge hewani. Likabaki pale. Alipozinduka alilirudisha kwenye sahani. Nikatoka pale nikiwa nimelewa. Nilitaka matonge mengine yasimame hewani, na nikajiaminisha kwamba njia ni kumfikisha msikilizaji kwenye uchungu upesi, kabla hajachoka. Nikaanza kukata kikohozi, kukata mtu anayetafuta neno, kukata "eee" na "yaani". Halafu nikaingia kwenye salamu. Watu wetu wakisalimiana wanaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba, za mvua, na kila swali linasubiri jibu lake. Mimi, mtoto wa mjini, niliziona dakika nzima za bure.

"Unawatoa watu kabla hawajavuta pumzi," Elisante aliniambia.

"Wakivuta pumzi watu wanahamia kwenye taarabu."

"Sasa mtu anaingia nyumbani kwa watu bila hodi?"

"Hodi tumeshapiga, jina la kipindi limetajwa." Akacheka, akanyanyua mikono. Elisante alikuwa mtu wa kukubali yaishe, na nimewaza sana kama huo ulikuwa wema au lilikuwa kosa lake la pekee.

Mama Salimu alikuja mara moja tu, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Alitoka upande wa Ilongero, mwembamba, kajitanda khanga mbili, ameshika mfuko wa mtama aliokuja nao zawadi. Elisante alimwamkia mlangoni, "Shikamoo, mama," naye akaitikia kwa sauti ndogo iliyofunikwa na mashine ya kukamua mafuta ya jirani. Alikaa kwenye kigoda, akakitazama kipaza sauti kwa muda. Akauliza, "Huyu atanisikia hapa?" Nikamwambia ndiyo, mama, ongea naye kama yupo. Akasema mwanawe anaitwa Salimu, yuko machimboni, ana miaka saba hajarudi, waliachana vibaya. Hakusema vibaya vipi, na sisi hatukuwa na umri wa kumuuliza. Elisante akainua mkono.

"Salimu," mama akasema.

Kisha akanyamaza. Alikuwa amekielekea kile kipaza sauti, kichwa ameinamisha upande, sikio mbele. Nikasubiri. Mashine ya jirani ikakamua, ikanyamaza. Jogoo akawika mbali. Nilimtazama Elisante, nikidhani mama amesahau, na yeye akaanza kushusha mkono, lakini mama Salimu akanyoosha kidole kimoja bila kugeuka, kumzuia. Mkono ukarudi juu. Tukasubiri tena. Hatimaye yule mama akatikisa kichwa polepole, akasema, "Marahaba, baba." Na hapo ndipo akaanza: yule mbuzi mweupe amezaa pacha, paa la upande wa marehemu baba yako lilikuwa linavuja nimeliezeka, mtama umekubali, mimi mzima. Hakulia. Alipomaliza alisimama, akaifunga khanga, akatuaga akiwa mwepesi kuliko alivyoingia. Nje wanawake wakamtania kwamba ameingia bibi ametoka msichana, naye akawajibu jambo kwa Kinyaturu lililowachekesha wote.

Jioni hiyo nilikaa kukata. Ile sehemu ya mwanzo kwenye kompyuta ilikuwa mstari uliolala tu, mrefu, bila kilima. Na ile marahaba sikuielewa. Nikaona ameitikia shikamoo ya Elisante ya mlangoni kwa kuchelewa, uzee tu. Nikakata kimya, nikakata marahaba, nikaunganisha: "Salimu, yule mbuzi mweupe amezaa pacha." Ikateleza vizuri. Nikamwita Elisante asikilize, akasikiliza amesimama, akakunja uso.

"Hapa umetoa kitu."

"Nimetoa kimya."

"Kimya chake, Rukia, siyo chetu."

"Nikirudishe? Mtu atafikiri simu imezima."

Akajikuna shingo. "Wewe ndiye mwenye mkasi," akasema. Nikabonyeza kuhifadhi, juu ya ile ile, maana nafasi ya kutunza vitu viwili hatukuwa nayo, na kadi ya kurekodia tulikuwa tumeshaisafisha kwa ajili ya mtu wa kesho. Hivi ndivyo ilivyokwisha. Nimeiwaza sekunde ile kuliko siku ya harusi yangu.

Aliyetuletea majibu alikuwa Mzee Hemedi, dereva wa lori la vitunguu. Ilikuwa kama mwezi na nusu baadaye. Tulimwamkia, tukamkaribisha kwenye magunia, mama mdogo akaleta chai. Akanywa nusu kikombe kabla ya kusema. "Yule kijana wa Ilongero nilimpata. Nikamwekea mwenyewe kwenye simu yake. Alisikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu akanirudishia kadi."

"Alisema nini?" niliuliza. Nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nangoja habari ya tonge hewani.

"Alisema, 'Mama bado hajaipokea salamu yangu.'" Mzee Hemedi akaweka kikombe chini. Akatusimulia kama alivyosimuliwa: kwamba baba yake Salimu alipofariki, kijana alipata nafasi ya kazi na gari la kuondokea, akataka kwenda kabla ya arobaini. Mama yake akasimama mlangoni akamwambia, ukivuka kizingiti hiki kabla ya arobaini ya baba yako, usiniamkie tena maisha. Akavuka. Baada ya miaka miwili alirudi mpaka barabarani, akamtuma mtu apeleke shikamoo yake, na mtu yule akarudi akasema mama yako amenyamaza. "Basi safari hii akadhani kasamehewa," alisema mzee. "Kusikia jina lake likiitwa, akajiweka sawa kuamkia. Naye mama keshafika kwenye mbuzi. Akaniambia, kanipa habari za mbuzi kama anavyompa jirani. Sitaki kumsumbua mtu mzima."

Sikumtazama Elisante. Niliitazama sakafu na punje zilizomwagika. Kila kitu cha siku ile kilikuwa kinarudi mahali pake, kile kichwa kilichoinamishwa, kile kidole, na ile marahaba. Mama yule alikuwa amemwita mwanawe, akampa nafasi ya kumwamkia, akaisikia shikamoo yake kwa sikio ambalo mama peke yake analo, akaipokea. Kusamehe kwake kote kulikuwa mle. Mbuzi na paa vilikuwa maneno ya kusindikizia. Mimi nilikuwa nimekula nyama nikampelekea mwenyewe mifupa.

"Twende Ilongero kesho," Elisante alisema Mzee Hemedi alipoondoka. "Tumwambie, arudie."

Nikasema kesho hapana, kuna mnada. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema njia imeharibika kwa mvua, na kweli ilikuwa imeharibika, lakini watu walikuwa wanapita. Niliona aibu, hilo ndilo jina lake. Sikuweza kumfikiria yule mama ananitazama wakati namweleza. Mwishowe Elisante alinifuata asubuhi na kusema anaenda, nikitaka nimfuate. Tukaenda. Mama Salimu alikuwa anapalilia, akatoka shambani akiwa anafuta mikono, akatukaribisha maziwa ya mgando kwenye kibuyu, furaha tupu. Akauliza kabla hata hatujakaa, "Ameitika?" Na mimi, mbele ya Elisante, nikamwambia, "Mama, mashine iliharibika. Sauti yako haikuingia. Tunaomba urudie." Nilimwona Elisante akifumba macho.

"Ilikula yote?"

"Yote, mama."

Akafikiri. "Basi hana kosa," akasema, na nikaona jinsi uso ulivyomlegea. "Hajasikia tu." Hakutaka kurekodi pale, katikati ya palizi, miguu ina tope. Alisema maneno ya namna ile hayasemwi mtu akiwa mchafu. Palizi ikiisha ataoga, atavaa, atakuja mjini tena, kwenye kile chumba cha magunia, maana mle ndani alimsikia vizuri. Neno hilo lilinichoma zaidi ya yote. Tukakubaliana wiki mbili. Njiani, tulipoanza kuona mabati ya mjini, Elisante alinigeukia. "Ungemwambia kweli angerudia pale pale, na tope lake," alisema. Hakupaza sauti. Nilitamani apaze.

Alipatwa na homa siku ya kumi. Habari ilitufikia stoo kupitia kwa wale wanawake wa magunia. Mmoja wao alikuwa wa kijiji kile, na niliisikia kupitia ukutani nikiwa nimevaa spika masikioni: yule bibi aliyetoka msichana amezikwa jana.

Salimu alifika siku ya nne baada ya maziko. Mzee Hemedi ndiye aliyempelekea habari, na ndiye aliyemwelekeza Mandewa. Nilitazamia kijana, nikaona mtu mzima mwenye vumbi la safari mpaka kwenye kope, amevua viatu mlangoni mwa stoo kama anaingia msikitini. Elisante alinitazama tu. Safari hii sikungoja. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, tangu mama alivyouliza kama atasikilizwa, mpaka mkasi, mpaka uongo wa mashine. Nilimwambia, "Alikuita. Akanyamaza akakungoja umwamkie. Halafu akasema, marahaba, baba. Mimi nikakata."

Nilijiandaa kutukanwa. Salimu alikaa kwenye gunia. Akajifuta uso kwa kiganja, kinachofutika na kisichofutika. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Alinyamaza kiasi gani?"

"Kaka Salimu, sina kipimo. Nimefuta."

"Nauliza tu. Kidogo? Au alinisubiri?"

Elisante ndiye aliyejibu. "Mkono wangu unakumbuka," alisema. "Nilikuwa nimeuinua. Ulianza kuuma hapa." Akagusa bega. "Nikataka kuushusha, akanikataza. Nikashikilia mpaka vidole vikaanza kufa ganzi. Ndipo akaitikia." Akamwelekeza Salimu kwenye kigoda kile kile, mbele ya kipaza sauti. Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni nikafunge, nikafunga. Akasimama nyuma, akainua mkono wake mrefu mpaka ukakaribia bati, akasema kwa sauti ya chini sana, "Salimu."

Wanawake wa nje walinyamaza, sijui nani aliwaambia. Nilikaa juu ya magunia nimejishika magoti. Kimya kilikuwa kirefu. Wallahi, kilikuwa kirefu, sikuwahi kukijua urefu wake maana nilikiona kwa macho tu, kama mstari, na mstari haukwambii kitu. Nikakipita chote kwa mara ya kwanza. Nikayasikia magunia yakikaa, nikamsikia mtu yule akipumua, akianza, akiacha. Na ndani kabisa ya kimya kile, karibu na mwisho wake, Salimu akasema, "Shikamoo, mama."

Hakuna aliyeitikia. Kati yetu watatu hakuna aliyekuwa na haki hiyo. Elisante alibaki na mkono juu kwa muda ule uliobaki, kisha akaushusha taratibu, na Salimu akatikisa kichwa vile vile alivyotikisa mama yake. "Alinisubiri," akasema. Akavaa viatu vyake akaenda Ilongero kulisimamia lile paa la mama yake.

Kipindi kiliendelea, na baada ya hapo sikukata salamu ya mtu. Nilianza kuwaambia wanaorekodi, salimia, kisha mpe nafasi mwenzako. Madereva walituletea habari za ajabu: wazee waliokuwa wanaiitikia simu kwa sauti mezani, kijana machimboni aliyesimama na kuvua kofia kumwamkia bibi aliye kwenye spika. Tulijulikana kwa kile kile nilichokuwa nakitupa. Lakini mwaka wetu pale stoo ulikuwa unaisha. Elisante, aliyekuwa amesomea ualimu, alipata kazi ya kufundisha, akapangiwa Kilimatinde. Asubuhi ya mwisho alikuja na begi begani, akainama mlangoni. "Shikamoo, bosi." Akangoja, muda mrefu kuliko siku zote. Nikachota punje za alizeti nikamrushia. "Toka hapa, nani mzee?" Akacheka, akatoa punje moja iliyonasa kwenye kola, akaitia mdomoni akaitafuna. Akaondoka. Sijui kama alitaka kusema jambo jingine. Sijui kama mimi nilitaka. Alioa huko, nami niliolewa huku, na sijutii nyumba yangu. Lakini simu zetu zilianza kuwa za sikukuu kwa sikukuu, halafu za misiba tu, na kila alipopiga, hata nilipokwisha kuwa na mvi za kweli, alianza na shikamoo ile ile, akanyamaza kidogo. Nami nilicheka na kusema, "Habari za huko?" Nikakikata kimya chake, kwa mazoea yangu.

Jana niliingia stoo peke yangu. Siku hizi kuna magodoro kwenye kuta, lakini upande mmoja niliacha magunia ya alizeti na sikubali yaondolewe. Ilikuwa nirekodi kipindi cha kumkumbuka, na kwenye karatasi nilikuwa nimeandika mengi: upole wake, wanafunzi wake, memori kadi, Mzee Hemedi. Nikawasha mashine. Nikaiweka karatasi chini. Nikasema, "Elisante," nikainua mkono wangu juu, mbele ya kigoda kitupu, nikaukazia macho mlango ambao alikuwa anainama kuupita. Bega likaanza kuuma. Nikaushikilia. Vidole vikaanza kufa ganzi. Ndipo nilipoushusha, nikasema, "Marahaba."